Gauni la drafti lililopinda baada ya kufuliwa: uchambuzi wa kisa cha marinda

Magauni mawili yalishonwa Tanga kwa ajili ya Idi el Fitri, moja la mtoto wa miaka 2, jingine la dada yake wa miaka 4. Yote yalikuwa na kifua cha marinda kilichodariziwa kwa mkono, ile kazi ya smoki ambayo mafundi wengi wameiacha kwa sababu lastiki ya cherehani inamaliza gauni kwa nusu saa. Fundi alikuwa mmoja na mchoro wa darizi ulikuwa mmoja. La mdogo lilikuwa la drafti, yaani kitambaa cha miraba, ya buluu na nyeupe, la mkubwa drafti ya waridi na nyeupe. Siku ya sikukuu yote mawili yalikaa vizuri, na picha zipo. Baada ya hapo yakafuliwa, yakapigwa pasi, yakawekwa kabatini kusubiri Idi el Haji.

Yalipotolewa, la buluu lilikuwa vilevile. La waridi lilikuwa limepinda. Si pindo lililopinda, bali kifua chenyewe: marinda yaliyokuwa yamesimama wima sasa yalilala kuelekea kushoto, almasi za darizi zimeegemea upande mmoja, mshono wa ubavu wa kulia umesogea mbele na wa kushoto umerudi nyuma. Mtoto akisimama, gauni lilionekana kama limevaliwa vibaya, na mama yake alilivuta na kulirekebisha mara kadhaa kabla ya kukubali kwamba tatizo si uvaaji.

Nimefundisha ushonaji kwa miaka mingi na fundi huyu alipita darasani kwangu, ndiyo sababu gauni liliishia mezani pangu. Alikuja nalo pamoja na mteja wake.

"Shikamoo mwalimu. Nimepima kila mahali, namba ziko sawa. Sijui nimekosea wapi."

"Marahaba. Umepima nini na nini?"

Alikuwa amepima kutoka kwenye mshono wa kifua hadi pindo, kulia, kati na kushoto. Urefu ulikuwa sawa kwa kila upande. Amepima nafasi kati ya safu za darizi: sawa. Amehesabu marinda: 120, kama alivyopanga. Kwa futi kamba, gauni halikuwa na kosa lolote, ilhali jicho linaona limepinda. Hapo ndipo kisa hiki kilipoanza kunivutia, kwa sababu gauni lililokatwa vibaya au lililoshonwa vibaya huonekana kwenye vipimo. Hili lilikuwa sawa kwa vipimo vyote ambavyo fundi huvichukua, kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Mteja alikuwa na jibu lake tayari, na halikuwa jibu la kipuuzi. Aliambiwa na shoga yake anayeshona kwamba darizi ya smoki ikifanywa yote kwa kuelekea upande mmoja huvuta marinda. Hilo ni kweli. Mishono mingi ya kazi hii mtu anayetumia mkono wa kulia huifanya kutoka kushoto kwenda kulia. Mshono wa kamba ndio mbaya zaidi, kwa sababu kila mchomo unavuta rinda kidogo kuelekea uzi ulikotoka. Ukirundika safu nne au tano za mshono wa kamba, zote za mwelekeo mmoja na uzi ukiwa upande uleule wa sindano, marinda yanalala. Dawa yake inajulikana: safu moja uzi ukae juu ya sindano, inayofuata ukae chini, au kazi igeuzwe juu chini kila baada ya safu, ili mvuto wa safu moja uondolewe na mvuto wa nyingine.

Kwa hiyo tulianza hapo. Kuna mambo mawili yaliyonifanya nisiamini kwamba darizi ndiyo yenye kosa. Kwanza, gauni la buluu lilidariziwa na mkono uleule kwa mchoro uleule, na limesimama wima. Pili, darizi inapovuta, huvuta pale ilipo. Rinda hupinda kwenye safu ya mshono wa kamba, kisha hurudi wima kwenye nafasi iliyo wazi, kwa hiyo ukilifuata kwa kidole unahisi linakwenda kwa vipande. Kwenye gauni la waridi rinda lilikwenda mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini, ila mstari wenyewe ulikuwa umeegama. Niliweka rula kwenye rinda la katikati. Ndani ya sentimita 10 za darizi, chini yake ilikuwa imehama karibu milimita 8 kutoka ilipopaswa kuwa.

Kwa ruhusa ya mteja tulifumua safu moja ya chini kabisa, darizi yote hadi nyuzi za mwisho. Marinda yaliyoachiwa hayakurudi wima hata kidogo. Basi, darizi ilikuwa imeyakuta marinda yakiwa hivyo, au kitu kingine kiliyageuza baadaye bila kuigusa.

Nikaomba mabaki ya kitambaa.

Kabla sijaeleza mabaki yalionyesha nini, inafaa nieleze jinsi fundi alivyoyapata marinda yake, maana hapo ndipo ilipo asili ya yote. Smoki si darizi inayofanywa juu ya kitambaa kilicholala. Kwanza kitambaa hupigwa bandi, yaani mishono ya muda, kwa safu nyingi zilizo sambamba, kila safu na uzi wake, michomo ikipangana wima safu juu ya safu. Nyuzi zote zikivutwa kwa pamoja, kitambaa hujikusanya kuwa marinda madogo yaliyosimama. Darizi huja juu ya migongo ya marinda hayo kuyafunga, na bandi huondolewa mwisho. Bandi ikiwa mbovu, hakuna darizi itakayoiokoa. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba gauni la smoki limeshakuwa zuri au baya kabla ya uzi wa kwanza wa rangi kuingia kwenye sindano, na sijaona gauni lililonifanya nibadili kauli hiyo.

Ugumu wa bandi ni kuipanga. Zipo mashine ndogo za mkono zenye roli za meno na sindano zilizojipinda, zilizopangwa kwa nafasi ya karibu sentimita 1 kati ya safu na safu. Unaingiza kitambaa upande mmoja, unazungusha mpini, kinatokea upande wa pili kikiwa tayari kwenye nyuzi. Nzuri sana, lakini huku kwetu ni wachache wanaozo. Asiye nayo huchapa au huchora nukta nyuma ya kitambaa. Na asiyetaka kuchora nukta elfu moja hutumia drafti, kwa sababu miraba yenyewe ni nukta zilizokwisha kupangwa.

Fundi alitumia drafti ya miraba ya milimita 3. Mstari mmoja wa rangi na mmoja mweupe ni milimita 6, na hiyo ndiyo nafasi anayoipenda kati ya mchomo na mchomo kwa kitambaa chepesi cha mtoto. Alichoma kwa upande wa nyuma, kila mara kwenye mstari mweupe. Hilo lina maana yake: sehemu unayoichoma kwa nyuma ndiyo inayoingia bondeni kwa mbele, kwa hiyo nyeupe ikajificha na rangi ikakaa juu ya migongo ya marinda. Kifua cha gauni huonekana kimekolea rangi kuliko sketi ingawa kitambaa ni kilekile. Watu hudhani ni vitambaa viwili. Safu za bandi alizipanga kila baada ya milimita 12, jumla 9, ya juu kabisa na ya chini kabisa zikiwa za kushikilia tu bila darizi.

Kifua cha mkubwa kilihitaji upana wa sentimita 24. Kwa kanuni ya mara tatu alikata sentimita 72, akapata marinda 120. Cha mdogo kilihitaji 21, akakata 63, akapata 105. Hesabu safi, na miraba ikafuatwa kwa uaminifu. Sijaona mchomo hata mmoja uliokosa mstari.

Sasa mabaki. Nilichukua kipande cha buluu, nikachomoa uzi mmoja wa kukata upana, yaani uzi wa mshindio unaotoka ukingo mmoja wa jora hadi mwingine. Ulitoka wa buluu mwanzo hadi mwisho. Nikachomoa wa jirani kidogo, ukatoka mweupe mtupu. Hii ni drafti iliyofumwa: rangi iko kwenye uzi tangu kabla ya kufumwa, na mraba uliofifia unatokea pale uzi wa rangi unapopishana na uzi mweupe. Kwenye kitambaa cha namna hiyo mstari na uzi ni kitu kimoja. Ukifuata mstari umefuata uzi.

Kipande cha waridi kilitoa uzi wenye madoa: waridi, nyeupe, waridi, nyeupe. Nikakigeuza, nyuma rangi ilikuwa imepauka kuliko mbele. Hii ilikuwa drafti ya kuchapwa. Kilifumwa kitambaa cheupe, kikanyooshwa kwenye mashine, kikapigwa chapa ya miraba, kikatiwa kanji nyingi ili kionekane kina mwili. Mashine ilipokivuta, ukingo mmoja ulitangulia mwingine kidogo, nyuzi za mshindio zikawa zimekaa mshazari. Chapa ikapigwa juu yake ikiwa imenyooka kwa macho. Kuanzia hapo kulikuwa na mistari inayosema jambo moja na nyuzi zinazosema lingine, na kanji ikizishikilia zote mbili mahali zilipo.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Aliyewahi kuchana doti ya kanga badala ya kuikata kwa mkasi ameona mpasuko ukianza kwenye mstari unaotenganisha kanga mbili na kumalizikia ndani ya pindo la mojawapo. Mkasi hufuata chapa, mkono unaochana hufuata uzi. Kwa kanga ya kujifunga haina neno. Kwa marinda ina neno kubwa.

Nilifuatilia uzi mmoja wa mshindio wa waridi kwenye upana wa sentimita 72 na kuweka alama ulipoanzia na ulipoishia. Ulikuwa umeachana na mstari uliochapwa kwa sentimita 2, zaidi kidogo ya jozi tatu za miraba.

Fundi aliangalia, akasema sentimita mbili kwenye sabini na mbili si kitu, amewahi kushona sketi zilizopishana zaidi ya hapo na hakuna aliyelalamika. Na kwa sketi ana haki. Mteremko wa namna hiyo jicho hulisamehe. Lakini marinda hukusanya upana na kuuacha urefu kama ulivyo. Zile sentimita 72 zimekuwa 24. Zile 2 zimebaki 2. Mteremko uliokuwa 2 kwa 72 sasa ni 2 kwa 24, yaani kosa limezidishwa mara tatu, sawasawa na kitambaa kilivyokusanywa mara tatu. Huu ndio moyo wa kisa chote. Kitambaa kile kingefaa sketi, shati, hata foronya, na hakifai smoki, kwa sababu smoki huchukua upotofu mdogo wa kitambaa na kuukuza mbele ya macho ya watu.

Ndiyo maana pia futi kamba haikuona kitu. Fundi alipima kutoka mstari hadi mstari: mshono wa kifua ulifuata mstari uliochapwa, safu za darizi zilifuata mistari iliyochapwa, pindo likafuata mstari uliochapwa. Vyote viko sambamba, kwa hiyo vipimo vyote ni sawa. Kilichobadilika ni pembe kati ya mistari hiyo na nyuzi za mtande, zile za kwenda juu chini ambazo marinda yamekaa juu yake. Siku ya kwanza kanji iliishikilia pembe hiyo kuwa mraba. Maji yalipoitoa kanji, nyuzi zilirudi kwenye hali zilizofumiwa, mshindio ukakaa mraba na mtande, na mistari ikabaki mshazari. Mshono wa kifua ulikuwa tayari umezishikilia safu zilale, hivyo kilichobaki cha kusogea ni marinda. Yakaegama. Chukua 2 ugawe kwa 24, uzidishe kwa sentimita 10 za darizi: unapata milimita 8 na kidogo, ileile niliyoikuta kwa rula.

Mteja alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa. "Kwa hiyo nikilifua mara nyingine litapinda zaidi?" Sikutegemea hivyo. Kanji ilikuwa imekwisha toka na nyuzi zimeshatulia. Lakini pia halitarudi.

Napenda kukumbusha kazi hii ilikotoka, kwa sababu inaangaza jambo. Wafanyakazi wa mashambani wa Uingereza katika karne ya 18 na 19 walivaa majoho mapana ya kitani au pamba nzito, yaliyokusanywa kifuani na mikononi kwa marinda yaliyodariziwa, mara nyingi kwa uzi wa rangi ileile ya joho. Majoho hayo hayakuwa na lastiki, na marinda yale ndiyo yaliyompa mkulima nafasi ya kunyoosha mikono akiwa kazini. Kwenye kitani kile kisicho na mchoro mshonaji angeweza kuhesabu nyuzi: nne juu, nne chini, safu baada ya safu. Mwenye kuhesabu nyuzi hawezi kudanganywa na chapa. Nukta za kuhamishia kwa pasi zilikuja mwishoni mwa karne ya 19, wakati mtindo huu ulipokuwa umeacha mashamba na kuingia kwenye nguo za watoto wa mjini, na duka la Liberty la London likiuza magauni ya watoto ya namna hiyo. Kila njia ya mkato iliyofuata, iwe nukta, mashine au drafti, inamwondolea mshonaji kazi ya kuhesabu. Inamwachia kazi ya kuhakikisha kwamba kitu alichokiweka mahali pa hesabu kinakubaliana na uzi.

Mashine, kwa mfano, haijui kitambaa kina mchoro gani. Inapiga bandi kwa kadiri ulivyokilisha. Fundi angekuwa nayo, na angechana ukingo wa kitambaa kisha akauzungushia kwenye fimbo ili uingie umenyooka, angeona miraba ikitambaa kutoka sindano moja hadi nyingine kabla hata ya nusu ya kipande. Asingeweza kumaliza bila kuuliza kuna nini. Njia ya drafti ina udhaifu huu: inafanya kosa la kitambaa lisionekane, kwa sababu kinachopimwa na kinachopimia ni kilekile.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kukubali gauni lilivyo. Mteja alikataa, na mimi ningekataa. Ya pili, kufumua kifua chote na kupiga bandi upya kwenye kitambaa kilekile, safari hii kwa kufuata uzi. Marinda yangesimama wima, lakini mistari iliyochapwa ingepanda sentimita 2 kutoka bega moja hadi jingine, kwenye kifua cha upana wa 24. Mtoto angeonekana amevaa gauni lililokatwa na mtu aliyekuwa anasinzia. Kujaribu kukivuta kitambaa kwa mshazari kingali na unyevu ili kirudi mraba hakusaidii hapa. Njia hiyo hufaa kitambaa kisicho na mchoro, kilichopotoka kiwandani. Kilichochapwa kikiwa kimepotoka, ukinyoosha nyuzi umepotosha mchoro, ukinyoosha mchoro umepotosha nyuzi.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua: kutoa kipande chote cha mbele, kifua na sketi yake, na kuweka poplini ya pamba ya waridi isiyo na mchoro. Nyuma na mikono vikabaki drafti, kwa kuwa huko kitambaa kimekusanywa kidogo tu na hakuna safu za darizi za kulinganishia.

Nitaeleza kazi hiyo kwa kirefu kidogo kwa sababu fundi aliifanya vizuri sana, na kwa sababu mambo yaliyokosekana mara ya kwanza yote yako humo.

Poplini ilifuliwa kwa maji ya moto kabla ya kitu chochote. Pamba mpya huweza kupungua asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza, na uzi wa darizi haupungui pamoja nayo, hivyo kifua hukunjamana hata kama hakuna kilichopinda. Ilianikwa, ikapigwa pasi ikiwa na unyevu, pasi ikienda kwa kufuata nyuzi, si kwa kuzungushwa. Kisha ukingo wa jora ukakatwa na kutupwa, maana umefumwa kwa kukaza na hauvutiki sawa na kitambaa kingine. Upande wa juu haukukatwa kwa mkasi. Ulichanwa. Pembe ikawekwa kwenye pembe ya meza, ikaonekana imepungua kidogo, kikavutwa mshazari na watu wawili hadi ikakaa. Dakika chache tu.

Baadaye sampuli. Hapa ndipo mafundi wengi huona unawapotezea muda, na mimi hushikilia. Kanuni ya mara tatu ni mazoea mazuri kwa pamba nyepesi, lakini unene wa kitambaa ndio unaoamua rinda moja litachukua nafasi gani. Fundi alipiga bandi kipande cha sentimita 30 kwa nafasi ileile ya milimita 6, akavuta nyuzi, akakiacha kikae kinavyotaka bila kubanwa. Kilikaa sentimita 11, si 10. Poplini ilikuwa nene kuliko drafti. Kwa hiyo sentimita 24 zilihitaji takriban 66, si 72. Angelikata 72 angelazimika kuyabana marinda, darizi ingekuwa ngumu, na kifua kingesimama mbele ya mtoto badala ya kumfuata.

Sentimita 66 ni marinda 110. Mchoro wake wa almasi unarudi kila baada ya marinda 12. Tisa mara kumi na mbili ni 108, na mawili yaliyobaki yakaingia kwenye mishono ya pembeni, moja kila upande. Tisa ni witiri, hivyo almasi moja ikaangukia katikati ya kifua badala ya pengo kati ya almasi mbili. Alifurahi alipoliona hilo kwenye karatasi, na nilifurahi naye.

Nukta alizichora nyuma ya kitambaa kwa kigezo cha kadi kilichotobolewa, safu 11 za nafasi ya sentimita 1, nukta kila milimita 6. Ni karibu nukta 1,210. Safu ya kwanza ilipangwa na ukingo uliochanwa, na kila safu iliyofuata ilipangwa na uzi, akiangalia mara kwa mara kwa kulivuta jicho kwenye mshindio mmoja. Alitumia kalamu ya kufutika kwa maji baada ya kuijaribu kwenye mabaki. Tahadhari kwa anayeijaribu: baadhi ya kalamu hizo hugandishwa na joto, kwa hiyo pasi isipite mpaka wino umesuuzwa.

Bandi ilipigwa kwa uzi imara wa rangi tofauti kabisa na waridi, kila safu na uzi wake ulioachwa mrefu kuliko kitambaa, ukifungwa fundo na kurudishwa mchomo mmoja mwanzoni. Nyuzi zilivutwa mbilimbili, si moja moja, ili safu zisikimbiane. Marinda yakisha kusanyika huwa yamevurugika. Unashika kipande juu na chini na kukivuta kwa nguvu ya wastani, mara kadhaa ukitoka kushoto kwenda kulia, mpaka kila rinda limekaa kwenye mstari wake. Halafu mvuke wa pasi kwa mbali, bila kuikandamiza. Nyuzi zilifungwa kwa upana wa sentimita 22, kwa sababu bandi ikitolewa kifua hutanuka, na mbili hizo ndizo zilizotanuka.

Darizi ilikuwa kazi ya mwisho na haikuwa na la ajabu. Nyuzi tatu kati ya sita za uzi wa darizi, sindano ikilala sambamba na uzi wa bandi, ikichukua theluthi ya juu ya rinda na si zaidi. Mshono wa kamba ulianza juu, uzi ukipishana juu na chini ya sindano safu kwa safu, kwa sababu onyo la yule shoga wa mteja lilikuwa la kweli hata kama halikuwa jibu la kisa hiki.

Likabaki suala la nani alipe. Mteja alikuwa amenunua drafti ya waridi mwenyewe dukani, kwa kuwa iliyofumwa ya rangi hiyo na miraba hiyo haikupatikana, na muuzaji hakumweleza tofauti. Fundi alikuwa ameipokea bila kuikagua. Nilisema, na bado ninaona hivyo, kwamba fundi anayepokea kitambaa cha mteja amepokea na dhamana ya kukikagua. Mteja hana wajibu wa kujua mshindio ni nini. Kuchomoa uzi mmoja kwenye kona na kugeuza kitambaa kuangalia nyuma ni kazi ya nusu dakika. Fundi akakubali kufanya kazi yote ya pili bila malipo, na mteja akanunua poplini. Walipatana hapo hapo bila kununa.

Kabla ya kukabidhiwa, gauni lilifuliwa na kukaushwa mara mbili. Niliweka rula kwenye rinda la katikati kama nilivyofanya kwa lile la kwanza, na sentimita 10 za darizi hazikuhama kiasi cha kuonekana. Kipande cha mbele cha zamani fundi alikifumua darizi, akakipiga pasi kikalala, na kimekuwa foronya mbili ndogo. Mistari yake imelala mshazari kidogo na hakuna aliyeiona bila kuonyeshwa.